Fonksio yenye kusomeka kama sentensi: kwa nini mpangilio wa maneno ndani ya programu una uzito

Kila programu, iwe ile ya kutuma pesa kwa telefone ao ile ya kuhesabu mishahara ya ofisi, imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa fonksio. Fonksio ni kazi moja iliyopewa jina: kutuma, kutafuta, kupanga, kuweka alama kwenye karte. Mwandishi wa programu anaiandika mara moja. Kisha kila fasi anapoihitaji, anaiita kwa jina na kuipatia vitu vya kufanyia kazi: kiasi cha pesa, namba ya akaunti, tarehe. Vitu hivyo njo vinaitwa argumenti.

Namna ya kuita fonksio inaonekana kuwa jambo dogo, la wataalamu peke yao. Lakini angalia mstari huu. Chukua kwamba umetoka katika programu ya ushirika wa kahawa unaolipa wakulima wake:

tuma(4410, 4401, 90000)

Ordinatere yenyewe haina shida hapa. Imekwisha kuambiwa kwamba namba ya kwanza ni akaunti inayotoa, ya pili ni akaunti inayopokea, ya tatu ni franga. Shida iko kwa mtu. Anayesoma mstari huu miezi sita baadaye hajui nani anamlipa nani. Na kama aliyeandika alichanganya zile namba mbili za kwanza, mkulima njo atakatwa pesa, ushirika utapokea, na hakuna kengele itakayolia. Namba zote ni namba, programu inaendelea kimya. Sasa kazi ileile, imeandikwa namna ingine:

tuma(90000, kutoka: ushirika, kwenda: mkulima)

Mtu ambaye hajawahi kuandika programu hata siku moja anaweza kusoma mstari huu wa pili kwa sauti na kuonyesha kosa, kama liko. Mhasibu wa ushirika anaweza kuusoma. Mkulima mwenyewe akisomewa kwa telefone, ataelewa. Tofauti ya mistari hii miwili imewashughulisha wabuni wa lugha za programu kwa zaidi ya miaka 60, na majibu waliyotoa hayafanani.

Bukavu katikati ya jangwa

Mfano wa pesa unaeleweka haraka, lakini kuna mwingine unaogusa Kongo kwa karibu zaidi: karte.

Kila fasi duniani inaonyeshwa kwa namba mbili. Latitudo inasema umbali kutoka ikweta, kaskazini ao kusini. Longitudo inasema umbali wa mashariki ao magharibi. Bukavu iko karibu na latitudo 2.5 kusini na longitudo 28.86 mashariki. Ndani ya programu, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo namba zenyewe ni -2.5 na 28.86.

Ni ipi inatangulia? Watu wengi husema latitudo kwanza, na programu mingi za karte zinafuata hivyo. Lakini GeoJSON, mpangilio unaotumika sana kuhifadhi na kubadilishana habari za karte, ulioandikwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 2016, unaweka longitudo kwanza. Mtu anayetoa namba katika fasi moja na kuzipeleka katika ingine anaweza kuzigeuza bila kujua. Bukavu ikigeuzwa hivyo, inaangukia kwenye latitudo 28.86 kaskazini, longitudo 2.5 magharibi. Hapo ni ndani ya jangwa la Sahara, magharibi mwa Algeria.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Tokyo hana haja ya kuogopa. Longitudo ya Tokyo inapita 139, na hakuna latitudo inayopita 90. Ikigeuzwa, programu yenye kupima vizuri itakataa na kosa litaonekana palepale. Lakini Kongo yote, kutoka mwambao wa Atlantiki mpaka Ziwa Tanganyika, iko kati ya longitudo 12 na 32. Namba zake zikigeuzwa zinabaki halali siku zote. Ordinatere haiwezi kushtuka. Gari la wagonjwa, ao ndege yenye kuleta dawa, inapewa fasi ya uongo iliyoandikwa vizuri kabisa.

Dawa ya ugonjwa huo ni fupi:

weka_alama(latitudo: -2.5, longitudo: 28.86)

Argumenti yenye jina lake pembeni haiwezi kugeuka kimya. Ukitanguliza longitudo ao latitudo, katika lugha mingi haibadilishi kitu, sababu jina njo linaongoza. Na pale lugha inapolazimisha mpangilio, ukikosea inakukatalia.

Kosa la namna hii ni la zamani. Katika lugha ya C, iliyozaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuna fonksio memset yenye kujaza sehemu ya kumbukumbu ya ordinatere kwa thamani moja. Inapewa vitu vitatu: fasi ya kuanzia, thamani ya kujaza, na idadi. Mwenye kutaka kufuta sehemu yote anaweka sifuri kama thamani. Akigeuza viwili vya mwisho, anaiambia ordinatere ijaze nafasi sifuri, kumaanisha isifanye kitu. Nayo inatii. Kama kilichopaswa kufutwa ni neno la siri, neno hilo linabaki palepale.

PHP nayo, lugha inayoendesha tovuti mingi sana duniani, ina fonksio mbili za kutafuta. Ile ya kutafuta neno ndani ya maandishi inataka maandishi kwanza, kisha neno. Ile ya kutafuta kitu ndani ya orodha inataka kitu kwanza, kisha orodha. Wenye kuitumia kwa miaka kumi bado wanafungua buku la maelezo kuhakikisha. Mwaka 2020, PHP 8.0 iliruhusu hatimaye kutaja argumenti kwa jina.

Sentensi za kwanza

Wazo la kuandika programu kama sentensi si la juzi. Mwaka 1959, huko Marekani, serikali na makampuni ya ordinatere waliunda kamati ya kutengeneza lugha moja ya kazi za ofisi. Ikazaliwa COBOL, iliyochota mengi kutoka FLOW-MATIC, lugha ya Grace Hopper, mwanamke wa jeshi la majini aliyeamini kwamba watu wa biashara wanapaswa kuandikia ordinatere kwa maneno, si kwa alama za hesabu. Katika COBOL mtu anaandika ADD, jina la kitu, TO, jina la kingine, GIVING, jina la tatu: ongeza hiki kwa kile, upate kile kingine. Mkuu wa ofisi asiyejua programu aliweza kufuata.

COBOL ilikuwa na udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni nukta. Sentensi zake zilifungwa kwa nukta kama katika barua, na nukta iliyowekwa pabaya iliweza kubadilisha ni mistari ipi inafuata sharti na ni ipi haifuati. Jicho la mtu linapita juu ya nukta bila kuiona. Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi: zile sentensi nzuri zilikuwa za lugha yenyewe tu. Mwandishi aliyetaka kuita kazi aliyoitengeneza yeye, kama programu ndogo ya kukata kodi, alirudi kwenye orodha kavu: ita kazi fulani, ukitumia hiki, hiki na hiki. Ile sentensi ilikuwa zawadi ya kamati. Mwandishi hakupewa uwezo wa kujitungia yake.

Uwezo huo uliletwa na Smalltalk. Lugha hii ilianza mwaka 1972 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, katika kundi la Alan Kay, pamoja na Dan Ingalls na Adele Goldberg. Kay alikuwa anawaza watoto wenye kuandika programu zao wenyewe, na Goldberg aliwafundisha watoto kwa Smalltalk. Katika toleo lililoenea, Smalltalk-80, mtu akitaka kuweka jina kwenye nafasi ya tatu ya orodha anaandika:

majina at: 3 put: 'Kivu'

Kumaanisha: majina, kwenye 3 weka Kivu. Uzuri uko ndani ya zile nukta mbili. Fonksio hii haiitwi at, wala haiitwi put. Jina lake kamili ni at:put:, na argumenti zinaingia katikati ya vipande vya jina, kama vile mtu anavyojaza fomu yenye mistari mitupu. Huwezi kuiita bila kusema kila kitu ni cha kazi gani. Na kila mwandishi anaweza kubuni majina ya namna hiyo kwa kazi zake. Hakuna kamati.

Wengine walichagua njia ya katikati. Ada, lugha iliyoagizwa na wizara ya ulinzi ya Marekani na kukubaliwa rasmi miaka ya 1980, iliruhusu kutaja jina la argumenti, lakini haikulazimisha. Hiari hiyo ina matokeo yake: mwenye haraka hataji, na mwenye haraka njo anakosea.

Herufi 36 kabla ya kusema kitu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Brad Cox na Tom Love walichukua mtindo wa Smalltalk wakauunganisha na C. Wakapata Objective-C, iliyoingia kampuni ya NeXT, kisha Apple, na mwishowe ndani ya programu za iPhone. Hapo ulionekana ubaya wa kusomeka kupita kiasi. Kazi ya kawaida sana, kubadilisha neno moja kwa lingine ndani ya maandishi, ilianza na jina hili: stringByReplacingOccurrencesOfString. Ni herufi 36 kabla hata ya kufika kwenye argumenti ya kwanza. Neno “maandishi” linarudi ndani yake mara mbili, kumbe kila mtu anaona kwamba ni maandishi.

Apple ilipoleta Swift mwaka 2014, na hasa toleo la tatu la mwaka 2016, ilipunguza majina hayo kwa kanuni iliyo wazi: kilicho muhimu ni mstari ueleweke pale fonksio inapoitwa, na neno lisiloongeza habari litoke. Jina la herufi 36 likabaki replacingOccurrences, na lebo mbili fupi, of na with.

Swift ilifanya pia jambo moja la akili ambalo linastahili kuangaliwa polepole. Kila argumenti inaweza kuwa na majina mawili, moja la nje na moja la ndani:

func tuma(_ franga: Int, kutoka mtoaji: Akaunti, kwenda mpokeaji: Akaunti)

Mwenye kuita fonksio anaona kutoka na kwenda, maneno yenye kuunda sentensi. Mwenye kuandika matumbo ya fonksio anatumia mtoaji na mpokeaji, maneno yenye kutaja vitu. Sababu ni kwamba “kutoka” ni neno zuri katika mwito lakini baya kama jina la kitu: hakuna anayesema “kutoka hana pesa ya kutosha”, mtu anasema “mtoaji hana pesa ya kutosha”. Ile alama ya mstari wa chini mbele ya franga inasema kwamba argumenti ya kwanza haihitaji lebo, sababu kitenzi chenyewe kinaitosha. Tuma nini? Tuma 90000.

Kuna wanaosema kwamba lebo si lazima, aina za vitu zinatosha: ordinatere ikijua kwamba franga ni aina moja na akaunti ni aina ingine, itakataa kuchanganya. Ni kweli kwa franga na akaunti. Lakini mtoaji na mpokeaji wote ni akaunti. Aina zao ni moja, na kinachowatofautisha ni kazi wanayofanya ndani ya sentensi. Hapo lebo tu njo inaokoa.

Sentensi inayodanganya

Kama kufanana na sentensi ni kuzuri, kwa nini kusiandikwe tu lugha ya watu? Apple ilijaribu. AppleScript, iliyotoka mwaka 1993, iliandikwa karibu kama Kiingereza cha kawaida, na mwanzoni ilikuwa hata na sura ya Kifaransa na ya Kijapani, ambazo ziliachwa baadaye. Kuisoma ni rahisi ajabu. Kuiandika ni mateso. Mtu anaona sentensi inayokubaliwa, anaandika nyingine yenye maana ileile katika kinywa cha mtu, na ordinatere inakataa. Lugha inayofanana na maneno ya watu inamfanya mwandishi asahau kwamba nyuma yake kuna sheria kali, na haimwonyeshi sheria hizo ziko wapi.

Edsger Dijkstra, mwanahesabu wa Uholanzi, alikuwa amekwisha kuonya mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kuongea na ordinatere kwa lugha ya kawaida ni upumbavu, sababu lugha ya alama ilibuniwa ili kukwepa utata wa maneno. Alikuwa mkali kupita kiasi, kama kawaida yake. Smalltalk na Swift zinaonyesha kwamba mwito unaweza kusomeka kama sentensi bila kujidai kuwa mazungumzo: sura ni moja, lebo zinajulikana, alama zinaonyesha kila kipande kinaishia wapi. AppleScript ilifuta alama hizo ili ipendeze, na utata ukaingia mlemle.

Gharama ingine ni kwamba lebo ikishatangazwa, ni ahadi. Watu mia wakiandika kutoka na kwenda katika programu zao, mwenye fonksio hawezi kuamka asubuhi na kubadilisha jina bila kuvunja kazi za wote mia. Kwa sababu hiyo Python, iliyokuwa imeruhusu tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008 kulazimisha lebo kwa alama ya nyota, iliongeza mwaka 2019 njia ya kinyume: mwandishi anaweza kukataza argumenti fulani isiitwe kwa jina, kusudi abaki huru kulibadilisha.

Maneno ya nani?

Maneno ya lugha karibu zote hizi ni ya Kiingereza. Wafaransa hawakukubali kirahisi: Logo, lugha ya kobe mwenye kuchora iliyobuniwa Marekani mwaka 1967, ilitafsiriwa, na mtoto wa shule wa Kifaransa aliandika AVANCE, si FORWARD. WLangage ya kampuni PC SOFT ya Montpellier inaandikwa kwa Kifaransa mpaka leo, kwa anayependa.

Kwa Kiswahili, mlango uko wazi zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Maneno ya msingi ya lugha yanabaki ya Kiingereza, lakini majina ya fonksio na lebo ni ya mwandishi. Na kuna bahati moja ya ajabu. Katika Python, Mwingereza hawezi kutumia neno lake from kama lebo, sababu lugha imekwisha kulichukua kwa kazi ingine. Analazimika kulikata ao kuliongezea mkia. Kutoka haina mwenyewe:

def tuma(franga, *, kutoka, kwenda):

Ile nyota inalazimisha kila anayeita ataje lebo mbili zinazofuata. Hali ni ileile kwa in, for, with na as: Python imezifunga zote, wakati ndani, pamoja na kama ziko huru.

Kuchagua neno kunataka uangalifu lakini. Kwa ni lebo mbaya: “kwa mkulima” inaweza kuwa kumpelekea, ao nyumbani kwake, ao kwa ajili yake. Kitenzi tumia, kwa maana ya kumtumia mtu kitu, ni mtego, sababu msomaji ataelewa kutumia chombo. Kwenda na kutoka havina mashaka.

Penye ugumu wa kweli ni ngeli. Swift inatofautisha fonksio inayopanga orodha yenyewe na ile inayotoa nakala iliyopangwa bila kugusa ya kwanza, na inafanya hivyo kwa umbo la kitenzi, sort na sorted. Kiswahili kina panga kwa ya kwanza. Ya pili je? Orodha ni iliyopangwa, majina ni yaliyopangwa, vitabu ni vilivyopangwa, wakulima ni waliopangwa. Fonksio ni moja, na haijui mbele ya wakati itaitwa juu ya nini. Kiswahili cha buku kingedai majina manne ao zaidi kwa kazi moja. Kile cha mitaani Bukavu ao Goma, chenye kusema “yenye kupangwa” karibu kwa kila kitu, na ambacho walimu wanakikosoa kila siku, hapa njo kinafaa zaidi.

Mwenye kuandika hivyo atagundua pia kwamba Kiswahili hakina herufi zenye aksenti, kwa hiyo majina yake yanaingia katika lugha ya programu yoyote, hata ya zamani, bila kupoteza kitu, tofauti na Kifaransa. Isipokuwa fasi moja: ng'ombe. Karibu lugha zote za programu zinakataa ile alama ya juu ndani ya jina, na mwenye kuandika programu ya mifugo itabidi aandike ngombe.